Tazameni Majani

Kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kuisambaza ile video ya uzinduzi wa mwaridi wangu katika kundi la familia, kundi la mtaa na, kwa taarifa nilizozipata jana usiku, kundi la wanakwaya wa kanisa nisilosali, naona nami nina haki ya kuieleza habari hii kwa kinywa changu. Video yake inaanzia pale kitambaa kinapovutwa. Haioneshi kazi yoyote iliyotangulia, na inakatika kabla sijamaliza kueleza habari ya majani, ambayo kwangu ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Mnaonifuatilia tangu mwaka jana mnaufahamu mradi wangu wa hapa Tabata, wa kuzalisha mwaridi wa njano utakaoyavuka masika ya Dar es Salaam bila kupuliziwa dawa ya ukungu. Kwa wageni niseme tu kwamba njano ni rangi yenye mkosi katika ukoo wa mawaridi. Mfaransa Joseph Pernet-Ducher wa mjini Lyon ndiye aliyefanikiwa kuiingiza njano iliyokolea katika mawaridi ya bustani kwa kulitumia waridi la njano la Uajemi, akalitoa waridi lake liitwalo Soleil d'Or mwaka 1900. Lakini pamoja na rangi hiyo uliingia udhaifu wa kushikwa na ugonjwa wa madoa meusi, na vizazi vingi vya njano vimeurithi mpaka leo. Vimelea vya ugonjwa huo huhitaji jani libaki limelowa kwa saa saba hivi ndipo viweze kupenya. Masika yetu hayana ubahili wa saa saba. Ndiyo maana kila mwaridi wa njano niliowahi kuupanda umefika mwezi wa Mei ukiwa vijiti na miiba mitupu.

Dawa niliyoitafuta ilikuwa ndoa. Mama alikuwa mwaridi mkongwe wa maua ya pinki kutoka uani kwa marehemu bibi yangu huko Muheza, mti ambao hakuna aliyewahi kuuona ukiugua. Baba alikuwa mwaridi wa njano niliouziwa na muuza miche wa kando ya barabara, aliyeniapia kwamba ni njano tupu. Kila tumba la baba lilipokaribia kufunguka nililikata, nikalinyofoa petali, nikavikusanya vifuko vya chavua katika kisosi na kuviacha vikauke usiku kucha. Asubuhi niliipaka chavua hiyo, kwa brashi ya wanja ya mke wangu, juu ya maua ya mama, ambayo nayo nilikuwa nimekwisha kuyanyofoa petali na sehemu za kiume mapema ili yasijichavushe yenyewe. (Brashi nyingine ilinunuliwa. Tafadhali msimwulize.) Likumbukeni sana hilo la matumba ya baba, kwa maana kutokana na bidii yangu hakuna ua lake hata moja lililopata nafasi ya kuzeeka mbele ya macho yangu.

Matunda yaliiva baada ya miezi minne hivi, na mbegu zikalazwa katika karatasi yenye unyevu ndani ya jokofu, jirani na dagaa, kwa kuwa mbegu za mwaridi hazikubali kuamka bila kwanza kuonja baridi kwa wiki kadhaa. Nyingi hazikuota. Zilizoota zilikutana na masika, nayo masika yakafanya usaili bila upendeleo: mche baada ya mche ulipata madoa, ukageuka manjano ya aina nisiyoitafuta, ukapukutisha majani. Mmoja tu ulibaki kijani kitupu, unang'aa, bila doa. Tumba lake la kwanza lililiwa na kuku wa jirani, nami nikauzungushia wavu.

Tumba la pili lilifunguka alfajiri ya Alhamisi, na lilikuwa njano. Nasema njano, na picha ninayo. Majani ya kijani, ua la njano: hakuna Mwananchi anayehitaji kufafanuliwa zaidi. Niliituma picha hiyo kwenye kundi la tawi letu la Yanga nikiwa bado na taulo kiunoni, na kabla chai haijapoa mwenyekiti alikuwa amekwisha kunipigia kuniarifu kwamba Jumapili tawi litafika kuuzindua mti huo, nao utaitwa Mwananchi. Mchana wa siku hiyo nilisafiri kikazi kwenda Dodoma. Nilirudi na treni ya Jumamosi usiku, nikaingia nyumbani gizani, nikalala usingizi wa bwana harusi.

Asubuhi nilimkuta shemeji yangu uani. Huyu ni Mwanamsimbazi, yaani mtu wa Simba, tangu tumboni, lakini alikuwa amewahi, bila kuombwa, kunisaidia kupanga viti, na alikuwa ameufunika mwaridi kwa kitambaa cha kijani na njano, eti jua lisiliunguze ua. Nilimshukuru. Nilimshukuru tena wageni walipofika, kwa kumtaja, nikasema kwamba utani wa jadi hauvunji undugu.

Sasa naomba twende polepole, kwa sababu mimi mwenyewe tangu siku ile naenda polepole hivi kila nikifumba macho. Wazee wa tawi wameketi mstari wa mbele wakiwa na jezi. Akina mama wako nyuma kwenye masufuria ya pilau, wameelekezwa kupiga vigelegele wakiona kitambaa kinaondoka. Nimemaliza hotuba, ambayo ilimtaja Pernet-Ducher mara nyingi kuliko uvumilivu wa hadhira. Nimeshika pindo la kitambaa na kuvuta, nacho kimenasa kwenye miiba, kwa hiyo mti unafunuka kutoka chini. Yanatokea majani. Mazima, ya kijani, hayana doa hata moja. Mwenyekiti anatikisa kichwa kwa kuridhika na watu wanapiga makofi. Navuta tena. Linatokea shina. Mimi nimewageukia wageni ili nizione nyuso zao, na kwa hiyo nimeona makofi yakipungua, kuanzia kulia kwenda kushoto, kabla sijajua sababu. Mzee mmoja ameivua kofia yake. Kitambaa kinaachia kwa ghafla, akina mama wanapiga vigelegele virefu vya kutoka moyoni, nami nageuka.

Jekundu. Si jekundu la kubishaniwa. Ni jekundu la Msimbazi, limefunguka kabisa, na njano imebaki kidogo tu kule chini petali zinapoungana, kama baki la rangi kwenye kopo. Vigelegele vinaendelea, kwa kuwa waliovipiga hawaoni kitu isipokuwa migongo yetu. Hapo ndipo nilipopaza sauti, na ndipo video inaponinukuu vizuri: "Tazameni majani! Ndugu zangu, tazameni majani!"

Nilijaribu kueleza. Niliwaeleza kwamba yapo mawaridi ambayo huchanua yakiwa njano kisha huwa mekundu kadiri petali zinavyopigwa na jua. Kwamba lipo waridi mashuhuri la namna hiyo lililotolewa Marekani mwaka 1949, liitwalo Masquerade. Kwamba bila shaka yule baba wa kando ya barabara ana damu ya huko, na kwamba lililo gumu, yaani ukinzani dhidi ya madoa meusi, lilikuwa limepatikana mbele ya macho yao. Mwenyekiti alinisikiliza kwa heshima zote, akaliinamia ua, akaligusa kwa ncha ya fimbo.

"Bwana Waridi," akasema, "ulituambia mti huu haupati ugonjwa."

"Haupati, mzee."

"Na huu wekundu ni nini?"

Pilau ililiwa, wageni wakaaga mapema, na mti haukupewa jina. Mke wangu anasema aliliona ua likibadilika tangu Ijumaa jioni, ila alidhani ni sehemu ya mpango. Mtaani sasa naitwa Tazama Majani, hata na watoto wa madrasa. Kitaalamu sina wasiwasi: mche huu nitauozesha kwa mwaridi mwingine wa njano, safari hii baba ambaye nitamwacha azeeke kwanza nimwone, na katika watoto nitatafuta mwenye majani haya na njano inayotulia. Shemeji yeye ameridhika nao ulivyo. Ameupa jina la Mnyama na ameniomba kwa maandishi vipandikizi vya kupanda mbele ya tawi lao. Nilimkatalia, kwa maandishi vilevile, nikalifunga geti kwa kufuli. Leo asubuhi amenitumia picha ya vijiti vitatu ndani ya kopo la maziwa, vimefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa vizuri, jinsi ninavyomfundisha dada yake kufunga.