Tangazo lisilofanana na tangazo

Video yenyewe ni fupi. Kijana anacheza muziki, anachomoa kikopo cha duara mfukoni, anabana kifuko cheupe cha nikotini chini ya mdomo wa juu, kisha anaendelea kucheza. Bei haitajwi. Ukiuliza kwenye maoni unajibiwa: njoo inboksi. Bodaboda italeta, na mwenye boda haulizi kitambulisho.

Hapo ndipo Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya inapokwama. Ilipitishwa 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipoanza, adui akiwa bango la barabarani na tangazo la redio. Instagram ilikuja 2010. Tena sheria ile ilifikiria tumbaku, ilhali vifuko hivi vina nikotini bila jani la tumbaku. Lyft, chapa ya vifuko hivi, ilipoingia nchini 2019 ilisajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu; mwaka uliofuata Mutahi Kagwe, waziri wa afya wakati huo, akasema usajili ule ulikiuka sheria. Mswada wa Seneta Catherine Mumma wa 2024 unataka bidhaa za aina hii zidhibitiwe waziwazi.

Wanaoupinga si wote wa kupuuzwa. Kifuko hakichomwi, kwa hiyo hakuna moshi wala lami ya kuingia mapafuni, na Sweden, nchi ya snus, yaani tumbaku ya kubana mdomoni, ina wavutaji sigara wachache kuliko karibu nchi zote za Ulaya. Mvutaji wa miaka 45 anayetaka kuachana na sigara atajuaje kuna kitu kingine ikiwa ni marufuku kukitaja? Swali la haki kabisa. Ila irudie ile video: ladha ya matunda, viatu vipya, muziki wa klabu. Huyo wa miaka 45 hayumo.

Inayonisumbua zaidi ni hoja ya utekelezaji. Sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 imeshawafikisha wanablogu kortini, na sitaki kuona kijana wa Kayole akibebwa na polisi kwa video ya densi huku aliyemtuma amekaa ofisini. Kuziachia kampuni za mitandao zijisimamie nako hakujatosha. Instagram na Facebook zilitangaza mwishoni mwa 2019 kwamba hazitaruhusu maudhui ya kulipiwa yanayonadi tumbaku na sigara za kielektroniki, lakini asiyesema kalipwa atajulikanaje?

Kwa hiyo mzigo ningeuweka kwa mlipaji. Kampuni ya nikotini iwasilishe wizarani kila mkataba na kila zawadi inayotoa kwa watengeneza video, na faini iiangukie kampuni, si kijana. Najua mawakili wao watasema hakukuwa na mkataba, vikopo vilitumwa tu nyumbani kwa mtu, bure, kirafiki. Basi zawadi hiyo ndiyo iandikwe kwenye mswada kwa jina lake: malipo.