Saruji na chokaa: ugomvi wa kuta za Malindi, Unguja

Kila baada ya mvua za masika, lawama hurudi zile zile katika mtaa wa Malindi, upande wa bandarini wa Mji Mkongwe: Mamlaka ya Hifadhi inakataza saruji, chokaa haidumu, na nyumba zinaanguka huku wakubwa wakilinda sura ya mji kwa ajili ya watalii. Lawama hizo zina ukweli, na tutaufikia. Lakini katazo la saruji limeeleweka vibaya. Hata kama asingekuwepo mtalii mmoja, na hata kama UNESCO isingeuorodhesha mji huu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, saruji isingefaa kwenye kuta hizi.

Nyumba nyingi za hapa zilijengwa karne ya 19, kabla Waingereza hawajajenga gati la Malindi katika miaka ya 1920. Kuta zina unene wa nusu mita na zaidi: mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Juu yake zimelazwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kiasi cha mita tatu. Chini ya ukuta hakuna kizuizi cha unyevu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya mawe, na kwa kuwa bahari iko hatua chache tu, hupanda na chumvi.

Lipu ya chokaa ina vinyweleo. Maji yakifika usoni yanachukuliwa na upepo, chumvi inabaki juu, na lipu inapukutika kidogo kidogo. Mwenye nyumba akiona unga sakafuni husema chokaa imeshindwa kazi, kumbe hiyo ndiyo kazi yake: iliwe yenyewe, ukuta ubaki. Ndiyo maana ilikuwa ikirudiwa kila baada ya miaka michache.

Ukipiga saruji, maji hayaachi kupanda. Yanakosa pa kutokea, basi yanapanda juu zaidi hadi yapite ukingo wa lipu mpya. Chumvi nayo inaganda kuwa chembe nyuma ya saruji, inavimba, na siku moja bamba zima linabanduka pamoja na uso wa mawe. Fundi huitwa, naye hurudia kwa saruji kali zaidi.

Hasara kubwa haionekani. Ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta, na unyevu uliofungiwa huzifikia hapo. Chumbani boriti inaonekana nzima, pengine imepakwa rangi safi, huku ncha ikioza. Kuna namna ya kuipima: gonga kwa nyundo kuanzia katikati ukielekea ukutani, na mlio ukibadilika ukawa mzito, wa kitu kilicholegea, sukuma bisibisi pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama bila nguvu, dari hilo linashikiliwa na mazoea tu. Wengine hung'oa boriti na kumwaga zege lenye nondo. Uzito unaongezeka juu ya ukuta ambao udongo wake umelainika, na chumvi iliyomo ukutani huifikia nondo, ikashika kutu, ikavimba na kulipasua zege.

Watu hutaja Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lililojengwa 1883 na kuporomoka sehemu kubwa Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, kama ushahidi dhidi ya ujenzi wa kale. Jengo hilo lilikwisha kudondoka sehemu mwaka 2012. Ukarabati uliochelewa miaka hiyo yote hauwezi kuwa kosa la chokaa. Jirani ya bandari, Zahanati Kongwe ya Tharia Topan ilikarabatiwa miaka ya 1990 na bado imesimama.

Upande wa pili sasa. Chokaa inataka subira ambayo mpangaji hana. Mawe huchomwa tanurini, huzimwa kwa maji, kisha chokaa huloweshwa wiki kadhaa, na ikikaa miezi ni bora. Kipimo ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na mchanga wa pwani lazima uoshwe kwa maji yasiyo ya chumvi, la sivyo umeingiza chumvi kwa mkono wako. Tabaka lisizidi kama sentimita moja, lifunikwe magunia mabichi lisipasuke, likae kabla ya jingine. Wapo wanaotia saruji kidogo ili kuharakisha. Saruji hukaza kwanza na chokaa haipati muda wake wa kushika.

Na nani avumilie yote hayo? Nyumba nyingi zilitaifishwa baada ya 1964, nyingine ni za wakfu, nyingine zina warithi waliotawanyika. Mpangaji wa serikali anayeona mwanawe analala chini ya lipu inayodondoka hawezi kulaumiwa kwa kununua mifuko miwili ya saruji. Wa kulaumiwa zaidi ni mwenye hoteli anayetia bafu katika kila chumba na kutundika viyoyozi vinavyodondoshea maji ukutani, kwa sababu yeye uwezo anao.

Kosa la Mamlaka, basi, ni kukataza saruji bila kuwapatia watu chokaa. Mfuko wa saruji unapatikana sokoni Darajani asubuhi hiyo hiyo. Chokaa iliyoiva haipatikani namna hiyo. Mashimo machache ya kuloweshea yanayosimamiwa na Mamlaka yenyewe, chokaa ikauzwa kwa debe, yangefanya zaidi ya barua za onyo. Kabla hata ya lipu, mwenye nyumba azibue mifereji ya paa na kuziba karo linalovuja. Ukuta unaolowa kutoka juu na chini kwa pamoja hauponywi na lipu yoyote, hata ya chokaa.