Ini upande wa kushoto

Naona wengi mnashangaa habari ya mgonjwa mmoja aliyepandikizwa ini, kwamba alizaliwa na viungo vilivyogeuka: moyo kulia, ini kushoto. Hali hii humpata takriban mtu 1 kati ya 10,000. Mimi hupiga picha za eksirei. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani nimekosea kuweka alama inayoonyesha upande wa kulia wa mgonjwa, nikarudia picha. Moyo uleule, ncha imeelekea kulia.

Sasa fikirieni daktari wa upasuaji! Ini la kawaida, kama lile linalotolewa kwa mgonjwa, sehemu yake kubwa iko kulia, kwa hiyo likiwekwa kushoto halikai vizuri. Wapo wanaoligeuza nyuzi 90 ili mishipa ikutane bila kujikunja, maana ikijikunja damu haipiti na ini jipya linakufa. Hongereni sana madaktari, na familia ya marehemu aliyekuwa na ini hilo, iliyokubali litolewe.