Gobore Nalo Lipewe Uwanja wa Shabaha

Hapa Arusha gobore hutajwa zaidi pale mtuhumiwa wa ujangili anapokamatwa nalo, au pale magobore yaliyosalimishwa kwa hiari yanapopangwa mbele ya waandishi wa habari. Sina ugomvi na taarifa hizo. Gobore la kienyeji, ambalo mtutu wake aghalabu ni kipande cha bomba, ni hatari kwa mnyama na kwa aliyelishika pia. Ninachopinga ni kule kudhani kwamba bunduki ya kushindilia, yaani ile inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu kama gobore, haina matumizi mengine halali, ilhali katika nchi nyingi ina mashindano yake ya kulenga shabaha, yenye kanuni kali kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Naona nasi tungeweza kuwa na uwanja wake.

Mashindano ya kimataifa husimamiwa na MLAIC, kamati ya vyama vya walengaji wa bunduki hizo iliyoanzishwa mwaka 1971. Bastola hulengewa mita 25, na bunduki ndefu mita 50 au 100. Mlengaji hupewa dakika 30 za kupiga risasi 13, na zilizo bora 10, kila moja ikiwa na alama zisizozidi 10, ndizo zinazohesabiwa, kwa hiyo alama haziwezi kuzidi 100. Dakika hizo zinaonekana nyingi mpaka utakapokumbuka kwamba ndani yake mtu anapaswa kushindilia, kulenga, kupiga na kusafisha mtutu, kisha aanze upya.

Nilipokuwa nikisoma Ujerumani nilikaribishwa kushiriki shindano dogo la klabu moja ya kijijini, nikitumia bunduki ya kuazima chini ya uangalizi wa mwenyeji wangu. Kila kipimo cha baruti kilikuwa kimekwisha kupimwa nyumbani na kutiwa katika kichupa chake, kwa kuwa ni marufuku kumimina kutoka kwenye chombo kikubwa mahali pa kupigia, cheche moja isije ikalipua akiba yote. Baruti hutangulia mtutuni, ikifuatwa na gololi ya madini ya risasi iliyozungushiwa kitambaa chenye mafuta, nayo husukumwa kwa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, mpaka ikae juu ya baruti bila kuacha nafasi, maana nafasi hiyo ikibaki mtutu unaweza kupasuka. Fataki, yaani kile kifuniko kidogo kinachotoa cheche ya kuwasha baruti, huwekwa mwisho kabisa, mdomo wa bunduki ukiwa umekwisha kuelekezwa kwenye shabaha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ushindi huamuliwa kabla ya kidole kugusa mtambo: anayeshindilia kwa nguvu ileile na kusafisha kwa namna ileile kila mara humshinda mwenye jicho kali lakini mkono wenye haraka.

Hali ya hewa nayo ina neno. Baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa, huacha masizi mengi mtutuni, na hewa ikiwa kavu masizi hayo hukauka na kuwa magumu hata gololi inayofuata ikakataa kushuka. Mlengaji wa Moshi angelijua hilo mwezi wa Februari, na wa Arusha angekutana nalo kabla ya mvua kurudi.

Wanaosema kwamba huo ni mchezo wa Wazungu wanasahau historia ya Kilimanjaro. Wamangi, yaani watawala wa jadi wa Uchaga, walikuwa wakipata bunduki kupitia wafanyabiashara wa pwani kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao, na mwaka 1892 wapiganaji wa Mangi Meli walilishinda jeshi la Wajerumani huko Moshi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha mpya kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ila ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche ya jiwe, zisizo na mifuo (mikato ya kuizungusha risasi) ndani ya mtutu. Kwa maneno mengine, wakubwa walikubaliana kutuachia silaha ambayo wao walikuwa wamekwisha kuiacha. (Leo wajukuu wao huilipia fedha nyingi kwa ajili ya burudani.)

Pingamizi la usalama ndilo zito, na silipuuzi. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi inataka kibali, na uwanja wa aina hii usingepaswa kutafuta njia ya kuikwepa. Ningependekeza uwe mmoja tu kwa kuanzia, Arusha, mbali na mipaka ya hifadhi, na utumie bunduki mpya za mtindo wa kale ambazo mitutu yake imejaribiwa kiwandani kwa kipimo cha baruti kinachozidi kile cha kawaida. Magobore ya kienyeji yasikubaliwe hata kwa maonyesho. Silaha zote ziwe mali ya uwanja na zilale katika ghala lenye ulinzi, vichupa vihesabiwe kabla na baada ya shindano mbele ya askari, na asiruhusiwe yeyote kutoka na baruti, awe bingwa au mgeni.