Simu Zetu Ndani ya Sufuria ya Pilau

Mimi ni karani mstaafu wa shamba la katani. Kwa miaka thelathini na moja nimejaza daftari za mabunda na mizani, kwa hiyo hata anayenichukia hawezi kusema kwamba sijui kuhesabu. Jioni moja nilihesabu watu na vitu vya barazani petu hapa Ngamiani, mjini Tanga, nikapata wanaume kumi na wanne, simu kumi na sita, bao moja lililokuwa limegeuzwa mahali pa kuwekea chaja, na vikombe kumi na vinne vya kahawa iliyopoa. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Nahodha alicheka peke yake, na nilipomwuliza kinachomchekesha akanijibu bila kuinua macho, "Nimekitupia kwenye kundi, kitazame huko." Wakati huo goti lake lilikuwa linagusa goti langu.

Aliyetuletea balaa la kupumzika mitandao ni muuza kahawa. Ni kijana mpole, hana maneno mengi, lakini jioni hiyo aliitua birika lake chini akatuambia, "Wazee wangu, zamani nikigonga vikombe kule Barabara ya Kumi, mtu wa Barabara ya Kumi na Mbili anatoka ndani na shilingi mia mbili mkononi. Siku hizi nagonga hadi kiganja chaniuma, na mtu yuko hapa mbele yangu ananiambia ngoja kwanza, kuna kitu namalizia kutazama. Nauliza kwa heshima, hicho kitu huwa kinaisha lini?"

Mwalimu, ambaye alifundisha hesabu na hajawahi kuliacha swali likapita bila kulijibu, alimweleza kwamba hakiishi, na kwamba kutoisha kwake ni kazi ya fundi. Alisema kwamba mnamo mwaka 2006 Mmarekani mmoja aitwaye Aza Raskin alibuni namna ya kuufanya ukurasa wa intaneti ujiongeze wenyewe kila mtu anaposogeza kidole, ili asifike mahali pa kuuliza kama aendelee au aache, na kwamba baadaye mtu huyo huyo alijitokeza hadharani akajuta. Nilikasirika sana. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho, ambao ulikuwa wa michezo, na ukishasoma jinsi Coastal Union walivyofungwa ulilikunja ukafungia mihogo. Kwa nini kosa la mtu mmoja huko ng'ambo lije kunipozea kahawa mimi Barabara ya Kumi na Mbili, na majuto yake yasinirudishie hata kikombe kimoja?

Ndipo likazuka wazo la kupumzika mitandao kwa pamoja, baraza zima, kwa siku saba. Wazo lenyewe halikuwa geni, kwa kuwa tuliwahi kupumzika bila kutaka. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, muda mfupi baada ya Magharibi, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, kwa sababu mafundi wao wenyewe walikosea walipokuwa katika matengenezo. Sisi hatukujua. Mimi nilidhani bando limekwisha nikanunua jingine, nikaliona hilo nalo bovu nikanunua la tatu, kisha nikaweka simu chini nikiwa nimefilisika, na ndipo nilipomsikia Nahodha akisimulia jinsi alivyozama karibu na Pemba akaelea hadi alfajiri kwa kukumbatia pipa la mafuta ya nazi. Nimekaa naye baraza moja kwa miaka kumi na tisa, na habari ile niliipata usiku ule. Kila mtu alikubali kwamba yalikuwa mazungumzo mazuri kupita yote tuliyowahi kuwa nayo, na kesho yake asubuhi sote kumi na wanne tuliandika hivyo kwenye kundi.

Mwalimu alitaka tuingie katika mapumziko haya kwa elimu. Alitusomea kwamba mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani waliwachukua wanafunzi 143, wakawataka baadhi yao watumie Facebook, Instagram na Snapchat kwa dakika 10 tu kwa siku kila mtandao, na baada ya wiki tatu wale waliojizuia walionekana kupungukiwa na upweke na huzuni. Sina ugomvi na wanafunzi hao, ila ni dhahiri kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye shangazi Pangani. Dakika kumi hazitoshi kusikiliza ujumbe mmoja wa sauti wa shangazi yangu, ambaye huanza kwa kuwarehemu marehemu wote wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kufika kwenye shilingi elfu tano anazoziomba.

Kisha Mwalimu akatusomea habari nyingine ya huko huko Marekani, na ya mwaka huo huo, kwamba watu walilipwa dola 102 kila mmoja ili wafunge Facebook kwa wiki nne, na kwamba walijikuta na saa moja ya ziada kwa siku, wakaitumia kukaa na jamaa zao na kutazama televisheni peke yao. Hapo baraza zima lilikaa wima. Kwa ukarani wangu nikauliza ni nani atakayetulipa sisi. Watu wote wakamtazama muuza kahawa, naye akasema kwamba mfukoni ana chenji ya kashata tu. Baada ya majadiliano marefu ikaamuliwa kinyume chake, kwamba atakayefungua mtandao atalipa faini ya shilingi 2,000 kwa Mhazini. Naona hapa ndipo tunapotofautiana na watu wa Marekani.

Nilipomweleza mke wangu kwamba baraza letu linakwenda mapumzikoni, aliacha kukuna nazi akaniuliza, "Mnapumzika nini, Baba Rukia? Mmefanya kazi gani?"

Kanuni zilikuwa hizi. Kila siku, kuanzia baada ya Alasiri hadi saa nne usiku, simu zote zingekaa ndani ya sufuria kubwa ya mtaa, ile ya alumini inayopika pilau ya kilo ishirini za mchele, ambayo huhifadhiwa kwenye ukumbi wa nyumba ya Mwenyekiti. Saa zilizosalia ziliachwa kuwa amana baina ya mtu na Mola wake. Simu zisingezimwa, kwa sababu mtu anaweza kufiwa wakati wowote. Kwa hiyo ikiita, Mwenyekiti angefungua mfuniko, asome kwa sauti jina la anayepiga, na amkabidhi mwenyewe aongee mbele ya mashahidi. Nahodha aliufunga mfuniko kwa kamba ya katani na fundo la jahazini ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulifungua, na hilo peke yake lilituchelewesha dakika nane simu ya kwanza ilipoita.

Sasa, msomaji wangu, kama hujawahi kuweka simu kumi na sita zinazotetema ndani ya sufuria tupu ya alumini, nakuomba usijaribu. Sauti yake ni ya nyuki waliofungiwa ndani ya ngoma. Kila ujumbe ulioingia uliitikisa sufuria nzima, mfuniko ukalia kidogo kama meno ya mtu mwenye homa, na wanaume kumi na wanne wakakaa duara wakiitazama jinsi watoto wanavyokaa kusubiri ukoko. Tulikuwa tumeacha kutazama simu ili tuzungumze, na tulichokizungumza ni simu. Siku ya pili tulishaweza kutambua mitetemo. "Hiyo ya vipande vipande ni ya Mhazini," alisema Nahodha, "mkewe huandika neno moja moja." Jioni hiyo tulipokwenda msikitini na ikahitajika mtu mmoja wa kubaki kuilinda sufuria, walijitolea kumi na wawili.

Siku ya tatu ilikuwa yangu. Lazima nieleze kwamba katika simu yangu nina utaratibu wa kikarani wa kuwapanga wanaonidai, ambao nimewaandika Usipokee 1, Usipokee 2 na Usipokee 3, kulingana na ukubwa wa deni. Simu yangu iliita. Mwenyekiti, ambaye miwani yake ina kioo kimoja tu kilicho kizima, aliinyanyua, akaiweka mbali, akaileta karibu, kisha akatangaza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba, "Anapiga Usipokee wa Pili." Baraza likanyamaza. Ng'ambo ya barabara, hatua kumi kutoka tulipoketi, fundi cherehani alikuwa ameketi nyuma ya mashine yake na simu sikioni akinitazama machoni, nami nikamtazama, huku simu ikiendelea kuita mkononi mwa Mwenyekiti. Ni kweli kwamba kanzu alinishonea Idi iliyopita. Ni kweli pia kwamba alizidisha urefu wa mikono, na kwamba nilikuwa nangoja wakati unaofaa wa kulizungumza jambo hilo. Wakati wenyewe ulifika siku hiyo, mbele ya mashahidi kumi na watatu.

Nyumbani nako mambo hayakunyooka. Mtu asiyetazama simu hulazimika kutazama vitu vingine, na usiku huo nilitazama dirisha nikamsifu mke wangu kwa pazia jipya. Akaniambia pazia lile lina miezi saba. Nikakumbuka kwamba nilipokuwa na simu sikuwahi kumsifu, na kwa hiyo sikuwahi kumkosea.

Siku ya nne ilinishinda, nami nakiri kwa kuwa wenzangu wote wanaijua habari hii. Asubuhi nilimuaga mke wangu kwamba naenda mjini kupunga upepo, nikapanda baiskeli yangu hadi Bustani ya Jamhuri, karibu na Mnara wa Saa, mahali ambapo mtu hukaa akaitazama bandari na Kisiwa cha Toten bila kusumbuliwa. Nilichagua mti wenye shina pana kuliko yote. Nyuma ya shina hilo alikuwepo Mhazini, ameinamisha kichwa, kidole chake kinasogea juu, juu, juu. Tulipoonana aliinua simu harakaharaka akasema kwamba anapiga picha meli. Hapakuwa na meli. Kabla sijaamua nimtoze faini au nimwombe anipe nafasi, tulisikia kikohozi kutoka benchi la jirani, na kumbe ni Nahodha, kavaa kofia ya mjukuu wake. Na huku tukisalimiana kwa aibu, Mwalimu akaja akivuka barabara, macho kwenye kioo, akikwepa bodaboda kwa kudra tu. Tulikaa pale sote wanne kwa muda wa saa moja, kila mtu na simu yake, bila neno, na nitasema kweli kwamba tangu mapumziko yaanze hatukuwa tumestarehe namna ile. Faini hazikulipwa. Mhazini alitoa hoja kwamba hawezi kujitoza mwenyewe na kujiandikia stakabadhi, nami, kama karani, niliikubali hoja hiyo kuwa ya msingi.

Mapumziko yalivunjika siku ya tano, na hayakuvunjwa na sisi. Baada ya Alasiri, simu zikiwa zimekwisha kufungwa, vijana wawili walifika na mkokoteni wakatoa salamu, wakasema wametumwa kuchukua sufuria. Mwenyekiti akauliza sufuria ya nini. Wakashangaa. Mama wa nyumba ya tatu kutoka hapo alikuwa na hitma ya marehemu mumewe usiku ule, na habari ilikuwa imewekwa kwenye kundi la mtaa tangu Jumatatu, pamoja na saa ya kuanza, mchango wa kila nyumba, na ombi la sufuria. Wanawake wote waliijua. Mchele ulikuwa umeshachaguliwa na nyama iko jikoni. Mke wangu alikuwa mmoja wa wachaguaji mchele, na nilipomwuliza baadaye kwa nini hakuniambia, alijibu kwamba aliogopa kunikatizia mapumziko.

Nahodha alihangaika na fundo lake hadi mmoja wa vijana akalikata kwa kisu. Simu zikamwagwa juu ya mkeka kama dagaa, kila mtu akaparamia yake, na sufuria ikaondoka kwa mkokoteni ikiwa bado na joto la betri. Katika simu yangu niliukuta ujumbe ule wa hitma, na juu yake jumbe 643 nyingine, ambazo kwa desturi yangu nilizipanga. Zilizonihusu mimi binafsi zilikuwa mbili. Moja ilitoka kwa shangazi wa Pangani, dakika kumi na moja. Ya pili ilitoka kwa Usipokee 2, nayo ilikuwa picha ya mikono ya kanzu, imewekwa kando ya rula.

Muuza kahawa alipita kama kawaida akigonga vikombe, lakini hakuna aliyemsikia, maana kila mtu alikuwa akifidia siku tano. Nikamwonea huruma nikamwita. Alitua birika, akatazama kushoto na kulia, kisha akachomoa kutoka chini ya shati lake simu janja ambayo bado ilikuwa na nailoni juu ya kioo. Alieleza kwa haya kwamba alikuwa akidunduliza tangu mwaka jana, na mauzo ya siku zile ambazo tulikaa kuizunguka sufuria bila cha kufanya ila kunywa kahawa ndiyo yaliyomalizia fedha. Alitaka nimwingize kwenye kundi. Nilimwambia aje kesho asubuhi mapema, kabla sufuria haijarudishwa.