Msiisugue Heller ya Tabora

Imeniudhi sana kumsikia dalali akimtaka mzee mmoja wa hapa Tabora atangulize fedha, ili heller yake 20 ya mwaka 1916, sarafu ya enzi ya Wajerumani, ipelekwe Marekani kupimwa na kupewa daraja, kwa sababu tu inang'aa. Sarafu hiyo ilikuwa imetoka kusuguliwa kwa limau na majivu, kama zinavyosuguliwa sufuria za shaba, na dalali alipouona mng'aro ule akamwambia mzee kwamba ameshika mali. Nasema wazi kwamba mng'aro ule ndio ulioondoa sababu ya kuipeleka popote.

Sisi wa Tabora tungepaswa kuzijua sarafu hizi kuliko mtu yeyote, kwa maana zilizaliwa hapa. Manowari za Uingereza zilipoifunga pwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipungukiwa na fedha za kuwalipa askari na wapagazi, wakaamua kuzipiga wenyewe katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na mji. Ndiyo maana zina herufi T. Kazi ilifanywa kwa haraka na kwa mitambo ambayo haikuundwa kwa shughuli hiyo, hata taji lililo juu ya herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani) huonekana limefifia katika sarafu ambayo haikutumika sana. Wabelgiji walipouteka mji Septemba 1916, heller 20 za shaba njano zilikuwa zimekwisha kupigwa zaidi ya milioni moja, na ndiyo sababu hadi leo si adimu.

Mng'aro wa asili hutokana na madini yalivyotiririka chini ya nguvu ya mtambo wa kupigia sarafu, yakaacha mistari myembamba mno isiyoonekana kwa macho. Ukiishika sarafu chini ya taa moja na kuizungusha taratibu, mwanga nao huzunguka juu yake kwa miale inayotoka katikati. Iliyosuguliwa haifanyi hivyo: inang'aa kotekote kwa usawa, haidhuru umeigeuza vipi, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mikwaruzo midogo iliyolala upande mmoja, ikikatika inapofika kwenye herufi, huku uchafu mweusi ukiwa umebaki katika pembe ambazo kitambaa hakikufika. Wapimaji huyaona haya mara moja. Kampuni za upimaji za Marekani kama PCGS na NGC hutumia kipimo cha ubora cha 1 hadi 70, lakini sarafu iliyosafishwa kwa nguvu hainyimwi tu namba kubwa, bali kwa kawaida haipewi namba yoyote. Huandikiwa kwamba ni halisi na kwamba imesafishwa, basi. Ada haipungui kwa sababu hiyo, na hakuna dawa ya kuurudisha mng'aro uliokwisha kukwanguliwa. Weusi na ukahawia ambao wengi wetu tunauona kuwa ni uchafu ndio unaomthibitishia mnunuzi kwamba sarafu haijaguswa.

Halafu kuna hesabu. Ada hutozwa kwa kila sarafu, ikaongezwa gharama ya kusafirisha, bima na kurudisha, na jumla hiyo ni lazima iwe ndogo kuliko nyongeza ya bei itakayoletwa na cheti. Kwa heller ya kawaida iliyochakaa hailipi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba cheti humsaidia mtu anayekaa mbali na wanunuzi, kwa kuwa mnunuzi wa Ujerumani hamfahamu muuzaji wa Isevya, hapa Tabora. Na ipo sarafu moja ya hapa ambayo sitamzuia mtu kuipeleka: rupia 15 za dhahabu, zenye tembo na mlima nyuma yake, zilizopigwa zaidi kidogo ya 16,000 tu. Hiyo ina bei kubwa, na kwa sababu hiyohiyo imeghushiwa sana, kwa hiyo swali la kwanza ni la uhalisi wala si la daraja. Halisi ina uzito wa karibu gramu 7.17, na robo tatu yake ni dhahabu. Sonara mwenye mizani nzuri anaweza kuipima, lakini asiruhusiwe hata kidogo kuisugua kwenye jiwe lake la kupimia dhahabu, maana alama hiyo haifutiki. Uzito ukipungua sana, safari inaishia hapo kwa sonara. Ukilingana, ishikwe ukingoni, ipigwe picha pande zote mbili na kuwekwa katika kifuko kisicho cha plastiki laini. Ada za kampuni hizi zimetangazwa hadharani, na mwenye mali anaweza kuzisoma pamoja na kijana wake kwenye simu kabla ya kumkabidhi dalali shilingi yoyote.