Umeshatuma Maombi ya Chuo Mapema? Kaa Chonjo, Bado

Aliyetangaza kwamba ukiomba chuo mapema unapumzika mapema aletwe hapa mbele ya watu aapishwe. Usiku wa tarehe 1 Novemba kijana anabonyeza kitufe cha mwisho kwenye Common App, ile fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani kwa pamoja, vikaratasi vya rangi vinamwagika kwenye kioo, nyumba nzima inapiga vigelegele. Kazi imekwisha! Imekwisha wapi, jamani? Hapo ndipo ameingia rasmi kwenye ukoo wa watu wanaofungua barua pepe kabla hawajapiga mswaki.

Majibu ya vyuo vikubwa vya Marekani hutoka katikati ya Desemba. Kwa kalenda ni wiki sita. Kwa mama anayeuliza "Wamesemaje?" kila sahani ikitengwa mezani, ni kifungo.

Kwanza kuna balaa la orodha. Siku chache baada ya kutuma, chuo kinakuletea kiungo cha kufungulia akaunti yako ya mwombaji kwenye tovuti yao. Barua hiyo ni muhimu kuliko zote, na ndiyo inayopenda kwenda kujibanza kwenye taka, pamoja na wale wanaokutangazia umeshinda bahati nasibu ambayo hukucheza. Ukishaingia unakuta nyaraka zimepangwa: hii imefika, hii haijafika. Barua ya mwalimu, haijafika! Presha juu. Mwalimu wa watu anapigiwa simu saa nne usiku, "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu, ile barua..." Mwalimu alishaituma tangu Oktoba. Kinachotokea ni kwamba maelfu ya nyaraka zinaingia kwa wakati mmoja, na kuzipachika kwenye mafaili huchukua hata wiki mbili. Subiri ziishe ndipo uulize.

Zikiisha na bado wanadai hawana, mshuku kwanza jina lako. Cheti kina majina matatu, pasipoti ina mawili, shule imetanguliza la ukoo. Wewe unajijua ni mtu mmoja. Kompyuta yao inaona familia. Dawa yake ni barua fupi yenye jina kama lilivyo kwenye fomu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mwombaji na yale majina mengine yote unayoitwa kwenye karatasi. Usiambatanishe matokeo yako mwenyewe ukadhani umewasaidia. Matokeo yanatakiwa yatoke kwa shule, kwa anwani ya shule. Ukiyatuma wewe, wanayahesabu kama salamu tu.

Na wanaoomba msaada wa fedha wana orodha yao ya pembeni. Fomu ya CSS Profile ina tarehe yake, karatasi za kipato cha wazazi zina tarehe yake, na kila chuo kimejipangia. Hapa usizembee. Kwa mwombaji kutoka nje ya Marekani, vyuo vingi havikupi nafasi ya kuomba fedha baadaye kama hukuomba tangu mwanzo. Baba anayesema "tutaona mbele ya safari" aambiwe kwa heshima zote kwamba safari yenyewe ndiyo hii.

Haya, mahojiano. Hapa watu wanakonda bure. Mwenzako kaitwa, wewe kimya, basi unaanza kujiandikia tanzia. Ngoja kwanza! Wanaohoji kwa niaba ya vyuo vingi vya Marekani ni wahitimu wao wa zamani, watu wenye kazi zao na watoto wao, wanaojitolea bila malipo. Unapangiwa mtu kama yupo na kama ana nafasi. Eneo likiwa na mhitimu mmoja na waombaji arobaini, hesabu si ngumu. Vyuo vyenyewe vinasema waziwazi kwamba kutoitwa hakukupunguzii kitu. Columbia iliachana kabisa na mahojiano hayo, na Brown inakuachia urekodi video fupi ya kujieleza.

Wanaotia watu hofu ni wale waliosikia habari za Oxford na Cambridge wakazimwaga huku. Kule Uingereza ni ngoma nyingine. Fomu inafungwa 15 Oktoba, waombaji wanachujwa, wanaopita wanahojiwa Desemba na wahadhiri wenyewe, tena kwa hesabu au shairi ambalo mtu hajawahi kuliona, ili waone kichwa kinavyofanya kazi. Huko ukikosa kuitwa, ndiyo jibu lenyewe hilo. Mhitimu wa chuo cha Marekani kwa kawaida hata faili lako hajaliona. Hajui alama zako. Anataka kuongea na wewe nusu saa, labda saa nzima, kisha aandike ripoti kwamba huyu mtoto ana udadisi, au huyu mtoto alikuwa anasoma majibu kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya kompyuta. Macho yanaonekana yakitembea, ndugu zangu. Yanaonekana!

Mwaliko wenyewe huja kwa barua pepe ya kawaida kabisa, kutoka kwa mtu usiyemjua, ambaye anwani yake haina hata jina la chuo. Nusu ya watu wanaufuta wakidhani ni tapeli. Ukiwa na wasiwasi, iulize ofisi ya udahili. Na akidai ada ya mahojiano, huyo ni tapeli kweli. Vinginevyo mjibu ndani ya siku moja au mbili, mpe nafasi tatu za kuchagua, na kila saa unayoandika itaje ni ya wapi.

Hili la saa linastahili kilio chake. Marekani wanarudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, msimu wa mahojiano ndio kwanza unachangamka. Mtu wa New York akikwambia saa nne asubuhi kwake, Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo ni saa kumi na moja jioni Afrika Mashariki. Jumatatu inayofuata ni saa kumi na mbili. Asiye na habari anaingia saa nzima kabla, anakaa anatazamana na sura yake mwenyewe kwenye kioo, anaamua kwamba ametelekezwa, anafunga kompyuta kwa uchungu dakika tano kabla mzee wa watu hajaingia.

Swali linaloangusha wengi linakuja mwisho: "Na wewe una swali?" Mtu aliyejieleza vizuri dakika arobaini anauliza chuo kina wanafunzi wangapi. Si iko kwenye tovuti! Umeletewa binadamu aliyeishi pale miaka minne, muulize cha binadamu: nini kilimshinda mwaka wa kwanza, somo gani angelichukua kama angerudi leo. Kesho yake tuma shukrani, mistari mitatu. Mitatu, bila vyeti kumi na vinne na picha ya mahafali ya chekechea.

Desemba ikiingia wanajitokeza wapiga ramli. Hawa hawahitaji kibuyu, wana tovuti ya chuo. Maandishi yamenenepa: wamenikubali. Kuna kisanduku kipya upande wa kulia: wamenikataa. Tovuti imezimwa kwa matengenezo: wanajadili jina langu! Mzee, wanapakia barua za watu wote. Vyuo vingi vinatumia programu ileile, Slate, na ukurasa ukibadilika kwako kwa kawaida umebadilika na kwa wengine. Muda wa kukagua visanduku ungetosha kuandika insha za vyuo vingine. Hapa sicheki, maana kati ya majibu ya katikati ya Desemba na siku ya mwisho ya maombi ya kawaida, ambayo mara nyingi huangukia siku za kwanza za Januari, kuna kama wiki mbili tu. Shule zimefungwa, mshauri wa shule anayekutumia karatasi zako yuko kijijini, mtandao unapatikana juu ya kichuguu. Andikeni insha Novemba, hata kama mnaziandika mmenuna.

Siku ya jibu hutangazwa mapema, pamoja na saa. Saa moja jioni ya pwani ya mashariki ya Marekani inapendwa sana, na Desemba hiyo ni saa tisa usiku Afrika Mashariki. Barua pepe haitasema umepata au umekosa. Itasema tu kuna taarifa mpya kwenye akaunti yako. Sasa nywila iko wapi? Ijaribu jana yake, maana saa tisa usiku hakuna wa kukusaidia. Chuo cha Yale humfungulia aliyekubaliwa wimbo wa bulldog, mbwa ambaye ni nembo yao, kwa hiyo ukisikia mbwa anaimba, amsha nyumba, barua utaisoma baadaye.

Waliokubaliwa kwa Early Decision, yaani ule mkataba wa lazima unaoahidi tangu unaomba kwamba wakikuchukua utakwenda, wanafuta maombi yao mengine, hakuna kupiga chenga. Mlango wa kutokea ni mmoja, msaada wa fedha usipotosha, na hapo mnaongea na ofisi ya fedha kwanza. Harvard, Yale, Princeton na Stanford hawakufungi hivyo. Walikukataza tu kuomba mapema kwenye vyuo vingine binafsi vya Marekani, na wanakusubiri uamue hadi 1 Mei. Aliyekataliwa amekataliwa, hawezi kuomba tena palepale mwaka huo.

Halafu kuna jibu la tatu, la kukera kuliko yote. Hukukubaliwa, hukukataliwa, umewekwa kiporo, utapashwa moto Machi pamoja na wali mpya, yaani waombaji wa kawaida. Heri yake ni kwamba kama ulikuwa umefungwa na mkataba, umefunguliwa, na unaweza kwenda kwenye duru ya pili ya mkataba kama huo ya chuo kingine Januari, ambayo hujibiwa Februari. Soma maelekezo kabla ya kuwaandikia. MIT wana fomu yao ya Februari, wengine wanapokea barua moja, wengine wanakuomba kabisa usitume kitu. Panaporuhusiwa, iwe ukurasa mmoja wenye jambo jipya: alama mpya, mradi uliokamilika, tuzo. Kuwaambia bado unawapenda inatosha sentensi moja. Mshauri naye atume matokeo ya nusu mwaka, na kama kalenda ya shule yenu haina nusu mwaka Januari, aandike hivyo hivyo, wasije wakadhani mnaficha.

Na mwisho wa Machi ukiamka kusubiri jibu la kiporo, saa za Marekani zitakuwa zimeshasogezwa mbele tena. Ile saa tisa usiku imekuwa saa nane. Tegesha kengele upya, na umwambie mama.